Nikatie, Mama

Nilitumwa dawa ya kuchua, basi. Nilitoka saluni miguu imevimba kwa kusimama kutwa nzima nikisuka vichwa vya watu, nikapitia duka la dawa kuchukua kichupa cha mama, nikaanza kupanda ngazi za jengo letu jua likizama. Umeme ulikuwa umekatika tena. Nilikuwa nimenuna tangu asubuhi, na naomba mlijue hilo mapema, maana hasira ile haijanitoka hadi leo ninaposimulia.

Mama yetu alikuwa dobi. Si dobi wa mashine, wa mikono. Blanketi zito la watu wawili alilikamua peke yake hadi likabaki halina tone, na sisi wanawe tuliliogopa kofi lake kuliko fimbo ya mwalimu yeyote. Sasa mwanamke huyo alikuwa hawezi kunyanyua kikombe cha chai. Siku nyingine mikono ilikuwa mizima, lakini magoti yamegoma. Siku nyingine ni tumbo, hawezi kuketi kitandani mpaka umwinue kama mtoto. Daktari alimpima, akasema ni uzee. Uzee gani huo unaokuja kwa zamu, leo mikono, kesho magoti?

Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa anafura misuli. Tangu utotoni mtaani walimwita Njiti, na mnaelewa kwa nini. Ghalani alikokuwa kibarua walimwachisha kwa sababu gunia lilimwangusha mbele ya watu wakacheka. Akajifungia ndani, hali, haogi, anakodolea dari tu. Kisha jioni moja akatoka, akarudi na karata.

Alisema amepewa na kocha mmoja waliyekutana uwanjani, mtu mwema, hataki hata senti. Mazoezi yenyewe hayahitaji vyuma wala chumba kikubwa. Ukiwa na mkeka, umemaliza. Unachanga karata, unafunua moja moja. Kopa ni pushapu. Uru ni kuchuchumaa na kuinuka. Pau ni mazoezi ya tumbo. Shupaza ni kuruka mikono ikiwa juu. Namba ya karata ndiyo idadi. Mfalme, bibi na ghulamu ni kumi kila mmoja, na ree ni kumi na moja. Zikifuatana kopa, umekwisha mikono. Zikifuatana uru, kesho yake ngazi utazipanda kwa makalio. Mwili hauwezi kuzoea, alisema, kwa sababu hakuna siku inayofanana na jana yake.

Nilimcheka. Nilimwambia wenzake wanacheza karata, yeye karata zinamchezea.

Kulikuwa na sharti moja tu: lazima mtu mwingine akate. Hilo nani asilijue? Ukishachanga karata, mwenzako ndiye anayekata, usije ukajipangia mwenyewe. Njiti alidai kwamba bila mtu wa kumkatia atajidanganya, ataweka garasha juu na wafalme chini. Basi kila jioni alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka karata kwenye kiganja, akasema, "Nikatie, mama." Na mama, kwa furaha ya kumwona mwanawe ameinuka, alikata. Nani angeona ubaya hapo?

Haikupita muda, Njiti akawa haitwi Njiti tena. Wakamwita Chuma. Mabega yamejaa, shingo imeshikana na masikio, wasichana wa mtaa wanamsalimia mara mbili. Mchuma janga hula na wakwao, walisema wahenga. Sikujua kwamba huyu wetu ameshaanza kula.

Sasa narudi ngazini.

Nilipofika kwenye kona, kabla ya kuona chochote, nilisikia harufu. Kafuri. Kali, ya kuwasha pua. Na chini ya hiyo kafuri… jasho. Jasho la zamani, lililochacha, kama la nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Mtu alikuwa ameketi ngazini.

Nilisema samahani, napita. Hakusogea. Gizani niliona mabega tu, mapana, ya kijana. Lakini mikono aliyoiweka juu ya magoti ilikuwa ya mzee sana, ngozi na mifupa. Kama aliyeazima mwili akasahau vidole.

"Mama bado anakata?" akanong'ona.

Nikamuuliza yeye ni nani.

"Umewahi kumsikia mdogo wako akihema?"

Nilitaka kumpa za uso. Nikajizuia. Kwa sababu sikuwahi. Jioni zote zile, kopa juu ya kopa, anashuka anapanda, na sijawahi kumsikia akihema. Anayehema chumbani mle alikuwa mama, na sisi tulidhani ni usingizi.

"Uchovu haupotei, binti. Unahama," alisema. Alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Aliyekata ndiye anayebeba. Nilimwambia hivyo tangu siku ya kwanza. Mimi simfichi mtu."

"Muongo," nikasema.

"Mwambie akate mwenyewe. Utaona."

"Na kwa nini unaniambia mimi?"

Akanitazama mikono. Hakunitazama usoni hata mara moja. Aliitazama mikono yangu, kuanzia begani hadi vidoleni, kama mtu anayechagua nyama buchani.

"Mama anakaribia kwisha," akanong'ona. "Na wewe kazi yako ni ya mikono… si haba."

Damu ilinichemka. Watu wengine wangekimbia. Mimi nilirusha kichupa. Nilikirusha kwa nguvu zangu zote, kikapasuka. Nilisikia vigae vikidondoka ngazi kwa ngazi, hadi chini kabisa.

Kilipasukia ukutani. Ngazi zilikuwa tupu.

Nilipanda zilizobaki mbiombio. Nywele zimenisimama, ndiyo, lakini hasira ilikuwa mbele ya woga. Nikasukuma mlango. Mshumaa ulikuwa unawaka kando ya kitanda, na Njiti alikuwa amepiga magoti, karata kwenye kiganja. Mkono wa mama ulikuwa njiani. Ulikuwa unapanda kidogo, unashuka.

"Usikate, mama," nikasema.

Njiti akacheka, akauliza nimeanza nini tena. Nikamwambia nataka jambo moja tu, jambo dogo, kisha nitaomba radhi mbele ya mtaa mzima.

"Kata mwenyewe."

Akasema sheria hairuhusu, atajidanganya. Nikamwambia ajidanganye leo tu, hakuna anayemwandika.

"Kata mwenyewe, Njiti."

Akainua mkono wa kulia. Ule mkono mnene, wenye mishipa. Ukafika juu ya karata. Ukasimama.

Mshumaa ulitoa mlio mdogo… tsss.

Mkono haukushuka.

Alijua. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, ambaye nilimnyima mchumba wangu muda ili nimpikie yeye, alijua tangu mwanzo. Kila aliposema nikatie, mama, alijua anaomba nini. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia pale, na nilikuwa bado nampenda, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Niachie, mwanangu," sauti ikasema. "Mimi nishazoea."

Niligeuka. Mama alikuwa ananitazama kwa upole, kama anayeniomba nipunguze sauti ya redio. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu wiki ile ya kwanza. Mwili ni wake, ameuishi, angekosaje kujua unakwenda wapi?

"Nguo za watu nimeshafua zote," akasema. "Mikono hii ningeipeleka wapi? Mdogo wako alikuwa anakufa kwa aibu, wewe hukuona."

Nilimrukia Njiti kumnyang'anya zile karata. Hakuinuka hata magotini. Alinisukuma kwa kiganja kimoja, kifuani, nikaenda kugonga kabati. Na pale chini, pumzi imenikata, nilitambua kitu. Kiganja kile nilikuwa nakijua. Uzito wake, joto lake, jinsi kinavyokupata kabla hujakiona. Nimekulia chini ya kiganja kile.

Ulikuwa mkono wa mama.

Nikiwa bado sakafuni nikasikia karata zikiinuliwa na kurudishwa. Mama alikuwa amekata.

Njiti akafunua ya juu. Ree ya kopa. Hakuniangalia. Akaweka viganja kwenye mkeka, akashuka, akapanda. Kimya kabisa, bila pumzi. Kitandani mama akaanza kuhema. Nilimshika mikono, nikaihisi misuli ikirukaruka chini ya ngozi, ikivutika, ikiachia… ikivutika, ikiachia. Nilimwambia Njiti aache. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alimaliza yote kumi na moja.

Kisha akatia karata mfukoni, akatoka. Harufu ya kafuri ilikuwa imeshafika mlangoni. Nilisikia nyayo zikishuka ngazi, za watu wawili, na vigae vya kichupa vikisagika.

Hakurudi.

Niliulizia kila uwanja, kila kilabu cha ndondi na mpira. Hakuna aliyewahi kuwa na kocha wa namna hiyo. Wengine walinicheka. Nyumbani, kila jua lilipozama, mama alilowa jasho akiwa amelala, maana aliyekata mara ya mwisho alikuwa bado yeye. Siku nyingine miguu ilimruka shukani. Basi nilijua leo amefunua uru. Ndivyo tulivyopata habari za Njiti: anaendelea vizuri.

Hadi jioni moja nilipotoka saluni, nikamkuta mama amesimama uani. Amesimama. Anakamua shuka, maji yanachuruzika miguuni mwake, anaimba. Nilimkumbatia na ule ubaridi wake wote, tukalia, tukacheka. Jua lilizama na hakuhema. Kesho yake vilevile. Nikasema yamekwisha, Mungu ni mkubwa.

Kisha shangazi akapiga simu. Alikuwa na habari njema: mdogo wangu ameoa, mji wa pili huko, harusi ndogo tu, ameona aibu kutuambia. Binti mwenyewe mzuri, ana adabu, anamsikiliza mumewe. Ila amekuwa mgonjwamgonjwa tangu aolewe, shangazi akasema. Magoti yanamsumbua, na bado binti mbichi kabisa.

Nikamwomba namba ya huyo binti.

Mama alikuwa nyuma yangu. Nilipoanza kubonyeza, alinishika kifundo cha mkono. Alinishika kwa nguvu, mifupa ikasagana. Zilikuwa zimemrudia zote.

"Usimharibie mwenzio nyumba," akasema.

Nilimtazama mama yangu. Nilikuwa na hasira tu, tele, na sikujua pa kuiweka. Simu ilikuwa inaita. Ikapokewa, na sauti ya msichana ikaniitikia, changa, imechoka, inahema kama aliyepanda mlima.

"Wifi," nikasema, mama akizidi kunibana. "Leo usikate."

Nyuma yake nikasikia karata zikichangwa, na sauti ya mwanaume ikiuliza kwa upole ni nani huyo anayepiga.

Kisha simu ikakatwa. Aliyeikata ni nani kati yao, sijui.