Kiti cha Chumvi

Gari la Kule lilikuwa na harufu ya chumvi iliyolowa, na hilo halikumshangaza mtu, maana Kule alisomba chumvi ya Kabatoro maisha yake yote. Kilichomshangaza mjane wake, Kabugho, ni kwamba harufu ilizidi baada ya gari kuoshwa.

Aliliosha kwa mikono yake, uani kwake Kasese, mwaka 2015, miezi mitano baada ya maziko. Kwenye kiti cha pembeni ya dereva alikuta bonge la chumvi ya mwamba, zito kama jiwe la kusagia, limefungwa kitini kwa kamba ya katani. Kule hakumruhusu mtu yeyote kukaa pale. Mkewe alipanda nyuma na magunia, binti yake Masika alipanda nyuma na magunia, na ukimuuliza kwa nini, bwana mkubwa alicheka kwa pua akasema bonge ndilo abiria wake, angalau halimbishii. Ndivyo alivyokuwa. Alijiita dereva wa milima, akawadharau madereva wote wa Bwera, na mkewe alipomwomba amfundishe kushika usukani alimwambia ajifunze kwanza kukoroga uji usiwe na madonge. Basi Kabugho aliikata ile kamba, akalitupa bonge mtaroni, akasugua kiti mpaka kikang'aa. Chumvi hula bati, kila mtu anajua.

Gari alilihitaji kwa jambo moja tu. Siku ya maziko mama mkwe wake, Yunia, alimshika Masika mkono mbele ya ukoo mzima na kutangaza kwamba mtoto anabaki kwake mlimani. Kabugho alipolia, Yunia alicheka kile kicheko cha mwanawe.

"Siku utakayopanda hapa na gari la mwanangu, wewe mwenyewe kwenye usukani, bila mwanaume, siku hiyo utamchukua," alisema.

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, na wengine wakacheka. Waliijua ile njia. Ukishapita Bwera lami inaisha, kinachobaki ni udongo mwekundu, mawe na makorongo mpaka juu, na mvua ikinyesha hata pikipiki zinageuza. Walidhani yameisha.

Kabugho akamtafuta mzee Badiru, dereva wa zamani wa malori ya mpakani Mpondwe, mtu wa msikitini mwenye mdomo mchafu kidogo kwa mtu wa msikitini. Alimfundisha kwa miezi mitatu, kwenye gari lake yeye Badiru, na hakumsifu hata mara moja. Shimo huliingii kabla hujashuka ukaliangalia kwa miguu yako. Tope likizidi unapunguza upepo wa matairi. Gia ndogo unaitia kabla ya mlima, kwa sababu katikati ya mlima utakuwa unalia. Kabugho aliyashika yote. Ijumaa, siku moja kabla ya safari, alipakia koleo, kamba, mbao mbili za kuwekea matairi na dumu la maji, na alipofungua mlango wa pembeni atie kapu la chakula, akaona kiti kimebonyea.

Akakipiga kwa kiganja, sponji ikarudi juu. Kisha ikashuka tena, taratibu, katikati kwanza, halafu kwa nyuma, na kioo cha upande ule kikaingia ukungu kwa ndani ilhali jua la saa tisa lilikuwa linachoma.

Badiru alipokuja kukagua matairi alimwonyesha. Mzee aligusa kiti, akautoa mkono umelowa, akaonja ncha ya kidole. Sauti yake ikashuka.

"Hapa kulikuwa na chumvi. Iko wapi?"

"Nimetupa."

"Mama Masika, ile chumvi ilikuwa inafunga kitu. Sasa umefungua."

"Ni Kule?" Kabugho alinong'ona.

"Kule gani? Mutu akikufa amekufa. Hii ni jini, na bwana yako alikuwa anajua iko hapa." Badiru akatema mate pembeni. "Sisi pale Mpondwe tulikuwa tunashangaa. Kwa lami anagonga mitaro, kurudi nyuma hawezi, lakini kwa mlima anapita tu. Sasa nimeelewa nani alikuwa anaendesha."

Kabugho alikumbuka miaka yote tisa ya kudharauliwa. Dereva wa milima, kumbe hata yeye alikuwa abiria.

"Nikirudisha chumvi?"

"Imeshaamka. Sikia. Itasema inakusaidia. Usikubali hata kona moja, ukiiachia usukani wewe ni wake. Na mutoto asikae kwa hiyo kiti. Mutu wa kwanza kukaa hapo, itashuka na yeye."

"Na gari?"

"Gari itabaki safi," Badiru alisema, akakataa kumtazama. "Lakini huyo mutu, mimi siwezi kukutajia."

Jumamosi asubuhi Kabugho aliondoka peke yake. Mpaka Bwera hakukuwa na neno. Lami ilipoisha alishuka, akapunguza upepo wa matairi, akatia gia ndogo, na alipofunga mlango akasikia mlango wa pembeni nao ukifungwa.

"Utaua injini," sauti ikasema karibu na sikio lake la kushoto. Ilikuwa sauti ya Kule, hata ule mcheko wa puani.

Akaanza kupanda, na kadiri mlima ulivyozidi kuwa mkali ndivyo harufu ya chumvi ilivyomjaa mdomoni, kitu kikapumua pole pole begani kwake, matairi ya nyuma yakateleza kuelekea korongo na sauti ikamwambia niachie, mwanamke, niachie kama mume wako alivyoniachia, na ubaridi ukapanda juu ya mkono wake wa kushoto uliokuwa kwenye gia, kidole kwa kidole, ukaanza kuuvuta, naye huku jasho likimwingia machoni akaukaza ule mkono wake kwenye gia na hakuutoa.

"Umemwendesha mwoga miaka yote ukajiona dereva," alisema kwa sauti ndogo. "Nyamaza, naangalia barabara."

Ubaridi ukaondoka. Gari likapita korongo, likatoka juu salama, na Kabugho alikuwa analia bila kujua.

Uani kwa wakwe watu wote walikuwa wamesimama. Masika alikuwa ameshikwa bega na bibi yake.

"Tumekuona tangu kona ya chini," Yunia alisema. "Mwanaume kwenye usukani, wewe pembeni umekunja mikono kama malkia. Umemshusha wapi, kwenye migomba?"

"Nimekuja peke yangu, mama."

"Nina macho. Rudi ulikotoka."

Baba mkwe, mzee Syahuka, akatikisa kichwa kwamba naye ameona, na majirani vilevile. Kabugho akageuka kuliangalia gari. Kiti cha pembeni kilikuwa kimebonyea. Kumbe jini nalo lina kinyongo, limemkosa njiani likaja kumkomoa mlangoni.

Nisiseme hakufikiri. Alifikiri. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa amekonda, akafungua mlango wa pembeni.

"Panda, mama. Kaa hapa karibu yangu. Nashuka mpaka ile kona, napanda tena, uone mwenyewe nani anaendesha."

Yunia hakuwa mtu wa kuacha nafasi ya kumwaibisha mwenzake. Tena mwanawe mwenyewe hakuwahi kumkalisha mbele. Akakusanya vazi lake refu la gomesi, akajipandisha kwa shida, magoti yake yalikuwa mabovu, akaketi.

Walishuka Yunia akitukana. Kufika kona alikuwa amenyamaza. Walipopanda tena, harufu ya chumvi haikuwamo garini, na injini ilisikika peke yake.

Yunia akafungua mlango kabla gari halijasimama, akaruka chini kama kijana.

"Umeona nini?" Syahuka alimuuliza.

"Anaendesha," Yunia alisema, akacheka kwa pua. "Anaendesha vibaya, lakini anaendesha. Mpe mtoto wake."

Akaenda kuketi kwenye benchi la barazani. Masika alikuja mbio na kifurushi chake cha nguo, akasimama mlangoni, akauliza kama aende nyuma. Kabugho akapapasa kiti. Kilikuwa kikavu, hakikubonyea. Akamwambia akae mbele.

Gari lilipogeuka mtoto akachungulia dirishani. Yunia alikuwa bado benchini, macho hayapepesi, udongo umelowa chini ya miguu yake. Mguu wake wa kulia ulikanyaga ardhi taratibu, ukaachia. Mkono wa kushoto ukanyooka pembeni ya paja, ukashika hewa, ukaivuta nyuma.

"Mama, bibi anafanya nini?"

"Anaendesha," Kabugho alisema, akatia gia ndogo, akaanza kushuka mlima.