Kifaa cha Nne

Ruta yako ya intaneti umeiweka wapi?

Usiniambie nyuma ya televisheni. Usiniambie umeificha kabatini kwa sababu haipendezi mbele ya wageni, halafu kila jioni unazunguka nyumba nzima umeinua simu juu kama unaikausha. Ruta hukaa juu, hukaa wazi, hukaa karibu na katikati ya nyumba. Hayo yote nayajua. Nimeyasoma, nimeyafanya, nimeyarudia hadi nikachoka, na hata sasa ninapokusimulia bado nimechoka, kwa hiyo usitegemee nitapamba.

Nyumba yetu si kubwa. Sebule iko mbele, halafu korido, vyumba viwili ubavuni, na mwisho wa korido chumba cha mama. Aliyeijenga ni kaka yangu. Ni mwashi, na nyumba ya familia aliijenga kama mtu anayemjibu aliyemdharau: tofali za zege, nondo kila mahali, kuta ambazo ukipigilia msumari unapinda msumari.

Mimi ni mkalimani wa hospitali, ila hospitalini siendi. Daktari yuko kwake, mgonjwa yuko kwake, mimi niko sebuleni na hedfoni masikioni, nahamisha maumivu kutoka lugha moja kwenda nyingine. Ni kazi ya kukaa inayochosha kama kubeba kokoto. Wana sheria moja isiyo na mjadala: mtandao ukikukatikia mara tatu ndani ya mwezi mmoja, unaondolewa kwenye orodha. Huitwi tena. Na mimi sina kazi nyingine ninayoijua.

Mama alilala chumba cha mwisho miaka miwili. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, kikachukua na maneno. Kilimwachia mkono wa kushoto, ambao nao kidole gumba kilikuwa kimejikunja ndani ya kiganja. Kaka akanunua tableti, tukaifunga kwenye stendi kando ya kitanda. Mama akigusa kioo kwa vile vidole vinne, simu yangu inaita sebuleni, kwa video, kupitia mtandao uleule wa nyumbani. Maji. Kugeuzwa. Au hakuna anachotaka, anataka tu kuona uso wa mtu. Kuna siku aliita mara arobaini kabla ya chakula cha mchana, na kila alipoita, sauti ya daktari masikioni mwangu ilikwama.

Wanaosema kuuguza mzazi ni baraka tupu, ama hawajauguza, ama wana mtu wa kuwafulia mashuka.

Alifariki Jumatano moja asubuhi, mimi nikiwa kazini, hatua kumi na nne kutoka kitandani kwake. Nilizihesabu baadaye. Nilipomaliza zamu saa sita na kwenda kumwangalia, mkono wa kushoto ulikuwa bado umeegemea kioo cha tableti.

Kaka aliporudi kutoka saiti, na saruji kwenye nywele, aliuliza jambo moja tu.

"Hakuita?"

"Mtandao ulikuwa mbovu leo," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaweka kiganja ukutani, kwenye ukuta wake mwenyewe, akabaki hivyo kwa muda mrefu. Nikaelewa kwamba ameshaamua: kuta zake ndizo zilizomzibia mama. Nikamwachia mzigo huo aubebe.

Wiki tatu baada ya mazishi, mtandao ukaanza kuwa mbovu kweli.

Mwanzoni nilidhani ni matatizo ya kila nyumba. Sauti za wagonjwa zilizama, zikaibuka, zikazama tena. Niliitoa ruta pembeni nikaiweka juu ya kabati, katikati ya ukuta. Nilizisimamisha antena. Nilibadilisha chaneli ya mawimbi yake. Nilihamisha oveni ya maikrowevu ya jikoni, maana nilisoma kuwa nayo huvuruga. Kaka akaleta kiongeza mawimbi, akakichomeka koridoni, akasema, "Sasa hata kuku wa jirani ataingia mtandaoni." Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu msiba. Tukapumua siku mbili.

Siku ya tatu daktari mmoja alikuwa anamwambia baba wa watu majibu ya kipimo cha mtoto wake. Nusu ya kwanza ya sentensi niliihamisha vizuri. Nusu ya pili sikuisikia. Yule baba alibaki ananitazama kwenye kioo, mdomo wazi, hadi picha yake ikaganda.

Hiyo ikawa mara ya kwanza.

Nikasogeza meza yangu karibu na dirisha. Pakawa safi kabisa, mawimbi yamejaa. Kesho yake pale dirishani pakawa pamekufa, na mahali pa jana pakawa pazima. Nikarudisha meza. Siku mbili nzuri. Kisha pakafa. Sikutaka kulisema, maana nimesoma, na aliyesoma anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kufa. Lakini ubovu ule haukuwa wa nyumba.

Ubovu ulikuwa unanifuata.

Ulipokatika mara ya pili, kaka akaita fundi.

Alikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo lake, ngazi begani, maneno mengi mdomoni. Kabla hata ya kukaa alibisha ukuta wa sebule kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Nani alijenga hapa?"

"Mimi," kaka alisema.

"Bwana, watu walitaka nyumba, wewe umewapa benki."

Kaka hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa korido, mikono mifukoni. "Kwa hiyo ni kuta," alisema. "Mtu aliye chumba cha mwisho, kuta hizi zingemkatia kabisa?"

Nilijua anachouliza. Fundi hakujua, ndiyo maana alijibu ukweli.

"Kukatia kabisa, hapana. Zinapunguza tu. Pale mwisho mtu angepiga simu bila shida."

Kaka akanitazama. Mimi nikatazama ngazi.

Fundi alitoa simu yake na kutuonyesha namba kwenye kioo. Zote zilikuwa chini ya sifuri. Tisini, alisema, ni mbali sana, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara. Hamsini ni chumba cha pili. Ukiona ishirini, kifaa kimegusana na ruta. Akaanza kutembea taratibu kuelekea mwisho wa korido, akitusomea namba kama mshonaji anayepima nguo. Arobaini. Arobaini na tano. Arobaini na sita.

Katikati ya korido akasimama.

"Themanini na nane," alisema. "Hapa kuna tangi la maji?"

"Hakuna," kaka alisema.

"Bomba nyuma ya ukuta?"

"Ningejua."

Fundi akarudi hatua moja. Arobaini na sita. Akaenda mbele hatua moja. Themanini na nane. Akasogeza simu kushoto hadi ukutani, ikapona. Kulia, ikapona. Katikati ikafa. Alikuwa anachora kitu hewani bila kukusudia, na sote watatu tulikuwa tunaona umbo lake likijitokeza.

"Maji yanameza mawimbi," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hata mtu anameza, maana mtu ni maji matupu. Akisimama mbele ya ruta anaacha kivuli. Hiki hapa ni kama..."

Alipima upana kwa mikono. Ulikuwa upana wa mabega.

Akarudisha mkono haraka, akaufuta kwenye suruali, mara mbili. Baada ya hapo hakutania tena.

Alikaa mezani pangu, akafungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta. Alisoma orodha ya vifaa vya nyumbani. Kompyuta yangu. Simu yangu. Simu ya kaka.

"Na hiki cha nne?"

"Kipi?"

"Kimeandikwa Mama."

Jikoni friji iliunguruma, ikanyamaza.

"Hiyo ni tableti," kaka alinong'ona. "Iko kwenye boksi, juu ya kabati. Niliitoa betri mwenyewe, ilikuwa imevimba."

"Inaomba kuingia," fundi alisema. "Kila dakika nne. Ruta inaisikia ila inaikatalia, kwa sababu imefungiwa."

"Imefungiwa na nani?"

"Hilo haliandikwi. Mtu aliingia humu kwenye mpangilio akaifungia kwa mkono wake. Tarehe ipo." Akaisoma tarehe. Akasoma na saa. "Jumatano, saa nne na dakika hamsini asubuhi."

Sikumtazama kaka. Nilimsikia tu akiacha kupumua.

Mapazia yalikuwa wazi. Jua la alasiri lilikuwa limelala sakafuni. Watoto wa jirani walikuwa wanagombania baiskeli nje. Ningependa kukuambia kulikuwa na giza.

"Kinasogea," fundi alisema.

Pembeni ya lile jina kulikuwa na namba. Sabini na nane. Tukiwa tunaitazama ikawa sabini na moja. Sitini na sita. Ilikuwa inakuja polepole, ikisimama, ikija tena. Ilikuwa inakuja kama mtu anayeburuta upande mmoja.

Hamsini na nne.

Niligeuka koridoni. Palikuwa patupu.

Arobaini na tatu.

Fundi alisimama. Aliniinamia sikioni, na pumzi yake ilikuwa fupi. "Dada, kama ni wewe uliyefunga, fungua." Akatoka. Tulisikia pikipiki yake ikiwaka mara moja. Ngazi yake bado iko kwetu. Nimempigia mara nne, anasema ana nyingine.

Thelathini na tano.

"Ulisema mtandao," kaka alinong'ona. "Uliniambia ni mtandao."

Ishirini na nane.

Hedfoni zangu mezani zilitoa mkwaruzo mdogo.

Ishirini.

Ikasimama hapo.

Niliinua macho kwenye kabati, kwenye ruta. Ilikuwa na vumbi la wiki nzima juu yake, kwa sababu mimi si mtu wa kufuta vumbi kila siku. Katika vumbi lile palikuwa na alama mpya. Vidole vinne vya mkono wa kushoto. Gumba halikuwepo. Tangu siku hiyo nimeifuta ruta ile mara nyingi, kwa kitambaa, kwa sabuni, kwa spiriti, na vumbi hurudi juu yake kama linavyorudi kila mahali. Pale penye vidole halitui.

Nikakaa mezani. Nikaliweka lile jina mbele yangu, nikabonyeza, nikakifungulia kile kifaa.

Simu yangu ikaita.

Iliita kwa ule mlio niliomwekea yeye peke yake, mlio niliouchukia miaka miwili. Kwenye kioo pameandikwa Mama. Kaka aliitazama simu, akanitazama mimi, na nikaona jinsi alivyozeeka katika wiki zile chache, akizibeba kuta zake mgongoni.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Kwamba ilikuwa kwa muda wa saa moja tu. Kwamba yule mgonjwa wa asubuhi ile alikuwa anaelezwa upasuaji, na mama alikuwa ameshaita mara kumi na mbili bila kutaka chochote. Kwamba nilipanga kuifungulia tableti saa sita. Kwamba nilikuwa nimechoka, kaka, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine, na ninaijua vizuri, na hapo hapakuwa na mtu mwingine wa kumsemea.

Nikapokea. Picha ilikuwa nyeusi. Kulikuwa na pumzi tu, nzito, ya mtu aliyesubiri muda mrefu na ambaye hajakasirika.

Nikaweka spika, kaka asikie.

"Mama," nikasema. "Mtandao ulikuwa mzima. Nilikufungia mimi."