Afande Anatafutiwa Nyumba

Awuor alikuwa amechoka. Hakuwa amechoka kwa kazi ya siku moja. Alikuwa amechoka wiki saba mfululizo, tangu mtoto wake Quincy azaliwe. Asubuhi alifua nepi. Mchana wageni walikuja kuona mtoto, wakanywa chai, wakaacha vikombe. Usiku nao haukuwa na usingizi.

Na sasa paka alikuwa amekojolea nguo za mtoto tena.

Paka huyo aliitwa Afande. Alikuwa dume wa kijivu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayekudai kitambulisho. Awuor alimlea miaka mitano, tangu alipokuwa akiishi peke yake hapa hapa Kangemi, kabla ya kuolewa na Were. Afande hakuwahi kutoka nje. Zamani alienda haja kwenye karai lake la mchanga bila matata. Tangu mtoto aje, alikojoa popote. Alijificha chini ya kitanda, na alijilamba tumbo mpaka manyoya yakaisha.

"Huyu ana wivu na mtoto," alisema Were. Were alikuwa mlinzi katika jengo moja la ofisi huko Upper Hill. "Leo anaenda. Nitamwacha Kenyatta Market. Pale nyama choma ni kila siku. Si atanenepa tu?"

Siku nyingine Awuor angekataa kabisa. Siku hiyo hakuwa hata na nguvu ya kugombana.

"Sawa," alisema. Aibu ilimshika papo hapo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Were alimtia Afande ndani ya katoni. Awuor alimfuata hadi kwenye ngazi, mtoto mkononi. Hapo walikutana na Kuria, jirani wa chini. Kuria alikuwa msaidizi wa daktari wa wanyama huko Spring Valley.

"Niaje, Baba Quincy? Mbona katoni inalia?"

Were alimweleza. Kuria alitikisa kichwa.

"Huyu hajui gari wala mbwa. Na wale paka wa sokoni wana mtaa wao. Watampiga hata kabla hajaonja mfupa."

"Lakini ana wivu, Kuria."

"Si wivu. Ni woga. Nyumba yake imebadilika. Kuna kilio, harufu mpya, wageni kila siku. Karai lake liko wapi?"

"Tulilipeleka bafuni," alijibu Awuor, "kando ya ndoo za nepi."

"Na akikojoa ovyo mnamfanya nini?"

Were alitazama ukuta. "Namchapa na slipa. Kidogo tu."

"Basi unamwongezea woga, na mwenye woga anakojoa zaidi." Kuria alifungua katoni kidogo, akachungulia. "Kwanza apimwe. Huenda kibofu kinamuuma. Na mkiona amechuchumaa, anajikaza, na mkojo hautoki, msingoje kesho. Paka dume anaweza kufa hivyo."

Were alirudi juu na katoni yake.

Kesho yake Afande alipimwa. Kibofu kilikuwa kimevimba, na daktari akampa dawa. Kisha Kuria alikuja kuwapangia nyumba. Karai lilirudi kwenye kona tulivu. Katoni ile ile ililazwa juu ya kabati, iwe mahali pa Afande kujificha. Mlango wa chumba cha mtoto ulifungwa.

"Mtoto na paka wasiachwe peke yao hata dakika moja," alisema Kuria. "Paka hana ubaya, lakini akimlalia mtoto mchanga usoni, mtoto hawezi kumsukuma. Wageni nao wamwache paka. Na slipa ni ya kuvaa. Jaribuni wiki tatu."

Walijaribu kweli. Afande aliacha kukojolea nguo. Lakini tumbo lilibaki na upara, na chakula alikigusa tu. Mtoto akilia, paka alitetemeka juu ya kabati. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na hapakuwa na pengine pa kukimbilia.

"Nimefanya yote uliyosema," Awuor alimwambia Kuria. Machozi yalimtoka. "Nikimtoa, nitakuwa nimemtupa."

"Hapana, Mama Quincy. Kumtupa ni kumwacha sokoni. Wewe unampa mtu. Mtafute mwenye nyumba tulivu, anayempenda paka, umwambie ukweli wote."

Awuor alimjua mtu kama huyo kanisani. Mama Kiarie alikuwa fundi wa cherehani, aliyebaki peke yake Uthiru baada ya watoto wake kuhama. Alikuja mara mbili kumzoea Afande. Mara ya tatu alimchukua, pamoja na karai lake, kadi yake ya chanjo, na blanketi lake ambalo halikufuliwa, ili asikose harufu anayoijua. Kuria alimwagiza Mama Kiarie amweke paka kwanza katika chumba kimoja, mpaka azoee.

Jioni hiyo Awuor alitazama juu ya kabati, akalia sana. Were alimpikia uji, akakaa naye.

Mwezi mmoja baadaye Awuor alienda Uthiru na mtoto. Alimkuta Afande amelala chali kando ya cherehani. Tumbo lilikuwa limejaa manyoya. Afande alifungua jicho moja, akanusa kidole cha Awuor, akarudi kulala.

Awuor aliumia kidogo. Alitaka paka amkimbilie.

"Unataka kumrudisha?" aliuliza Mama Kiarie kwa upole.

Awuor alifikiri. "Hapana," alisema. "Tangu nijifungue sijamwona akilala hivi."

"Na wewe je, unalala?"

Awuor alipiga miayo. Mama Kiarie alinyoosha mikono, akamchukua Quincy. Awuor aliegemea kochi, ati apumzishe macho tu. Alilala mpaka saa kumi jioni, na hakuna aliyemwamsha.