Wapo, Alhamdulillahi

Mambo yaliharibika Jumatatu ya tarehe nane Machi, mwaka 1971, na yaliharibika kimyakimya, kama ukuta wa chokaa unavyokunywa maji kabla haujaanguka.

Siku ilianza kama siku zote. Kidawa, msichana wa darasa la sita, aliamka alfajiri, akapanga foleni ya mkate pale Mkunazini, akawanywesha wadogo zake chai ya rangi, akamfunga Simai vifungo vya shati, kisha akaenda skuli. Adhuhuri hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipita ofisi ya kodi, kama baba yake alivyomtuma kila Jumatatu.

Baba yake, Makungu, alikuwa fundi wa magari katika karakana ya serikali. Miaka yote mshahara wake ulikatwa kodi ya mapato kama mshahara wa mtu asiye na mtoto. Mwenzake wa kazini ndiye aliyemzindua. "Yakhe, wewe unakatwa kama kapera," alimwambia. "Mwenye watoto hakatwi hivyo. Dai wakurejeshee."

Makungu akadai. Akaambiwa asubiri. Kukata kulikuwa kazi ya dakika moja, maana kisu ni chao na nyama si yao. Kurejesha kukawa safari isiyo na mwisho.

Na si kwamba fedha hizo zilikuwa za anasa. Boriti za dari ya chumba cha juu, wanamolala watoto, zilikuwa zimeoza. Fundi wa nyumba alizigonga kwa nyundo, akatikisa kichwa. "Masika haya hazivuki," alisema. "Na boriti mpya, bwana, mimi sikopeshi."

Jumatatu hiyo karani wa kodi, kijana aliyeitwa Usi, alimtazama Kidawa juu mpaka chini.

"We ndiye mtoto wa Makungu?"

"Naam."

"Mwambie babako aje mwenyewe. Kwenye fomu, pale alipotakiwa kutaja watoto wake, ameandika 'Wapo, alhamdulillahi.' Wapo si hesabu. Asipokuja kusema ni wangapi, faili lake litakaa hapa mpaka sote tuote mvi."

Makarani wengine wakacheka.

"Nikutajie mimi, kaka?" Kidawa aliuliza.

"Mtoto hatii saini. Nenda."

Kidawa alitoka. Alijua kwa nini baba yake aliandika vile. Mwaka wa sensa walikuja watu mlangoni na madaftari yao, wakamuuliza ana watoto wangapi. Makungu, ambaye hajapata kuwahesabu wanawe kwa sauti, akataja. Kabla mwezi haujaandama, mkewe Mwanakheri alifariki uzazini pamoja na kichanga chake. Tangu siku hiyo Makungu alikuwa akisema, "Niliwahesabu wanangu mbele ya watu baki. Niliwafungulia mlango wenye kijicho." Akishasema hayo huwageukia wakubwa wa serikali, akawataja kwa majina yasiyofaa kusikiwa na watoto.

Hilo ndilo lililomtisha zaidi Kidawa. Miaka ile mtu alichunga ulimi wake. Muuza kahawa wa kichochoro cha pili alinung'unika jioni moja kuhusu mchele. Asubuhi gari lilisimama mlangoni kwake, na dirisha lake halikufunguliwa tena. Baba akienda pale ofisini na ule mdomo wake, nani atamrudisha?

Makungu alikuwa barazani akimngoja. "Wamesemaje?"

"Wamesema wiki ijayo, baba," alijibu Kidawa.

Uongo ule ulitoka mwepesi. Jumatatu iliyofuata hakukanyaga ofisini. Alizunguka sokoni Darajani, akatazama mafungu ya ndimu, akarudi na jibu lile lile. Na iliyofuata pia. Kila alipotamka "wiki ijayo," baba yake alishusha pumzi, akaenda kumtuliza yule fundi wa nyumba.

Lakini dari haikuwa na subira. Usiku Kidawa alisikia wadudu wakitafuna ndani ya boriti, kru, kru, kama mtu anayekula pole pole akijua hana wa kumfukuza. Asubuhi alipangusa vumbi la chokaa usoni mwa Simai. Upande wa Chukwani mawingu yalianza kujikusanya, meusi, chini chini, na hayakuwa na haraka. Makungu kila akisikia kengele ya baiskeli ya posta alitoka nje. Baiskeli ikapita.

"Huyu mwanangu atakwisha kwa kungoja," alisema Bi Mwatum, mama yake Makungu, aliyekuwa akilala chumba cha chini kwa sababu ya magoti. "Kidawa, hao watu hawakusema neno jingine?"

"Hawakusema, bibi."

Alhamisi moja mvua ilianza kabla ya chai. Si mvua ya kupita, ilikuwa masika yenyewe. Kidawa alipanda juu kumwamsha Simai, akakuta bonge la chokaa, kubwa kama nazi, limeanguka kwenye mto. Simai alikuwa amejikunja upande wa pili wa mkeka, amelala fofofo, kidole mdomoni.

Kidawa alimbeba mpaka chini, akamweka mapajani mwa bibi yake, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, nimekudanganya. Hawajasema wiki ijayo. Wamesema uende ukataje watoto. Nimejua siku nyingi."

Makungu hakuinua mkono.

"Kwa nini hukunambia?"

"Niliogopa utakwenda ukatukana watu, wakakuchukua."

Makungu aliinuka. Akateremsha mikeka, akateremsha sanduku la nguo za marehemu, akafunga mlango wa juu kwa kamba. "Mtu asipande," alisema.

Baada ya sala ya alasiri dari ilishuka yote kwa pamoja. Nyumba ikatetemeka, vumbi likatoka chini ya mlango, majirani wakaja mbio na majembe. Hapakuwa na wa kufukuliwa.

Asubuhi ya pili Makungu alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akawachukua watoto wake, akaenda nao kwenye ofisi ya kodi. Aliwapanga mbele ya meza, wakubwa nyuma, wadogo mbele, maji ya mvua yakiwachuruzika.

"Bwana karani," alisema, "mimi siwahesabu. Walikwisha kunihesabisha mara moja, basi. Hawa hapa. Hesabu wewe, mimi nitie saini."

Usi alifungua mdomo apate kucheka, akamwona Simai bado ana chokaa nywelini. Akafunga. Akahesabu kwa ncha ya kalamu, taratibu, huku Makungu amefumba macho na midomo yake ikisoma dua.

Fedha zilitoka masika yakielekea ukingoni. Fundi wa nyumba akaleta boriti, na Simai akapanda juu kila siku kukagua kazi kama msimamizi. Siku dari mpya ilipopakwa chokaa, Bi Mwatum aliwakalisha wote ukumbini.

"Kidawa, ulimficha baba yako ukweli ukidhani unamlinda. Dari haikujua kwamba unamlinda mtu. Ujumbe ukitumwa nao, ufikishe ulivyo, hata kama unauma. Lakini uliposema, uliwaokoa wenzio, na hilo sitalisahau." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, Makungu, mkeo hakuuliwa na hesabu. Alikufa kwa sababu damu ilimtoka na gari la wagonjwa halikuja."

"Na hilo gari lilikuwa la nani, mama?"

"Najua lilikuwa la nani. Basi lawama ipeleke huko, usiwapelekee wanao kwa kuwaficha."

Makungu aliinamisha kichwa.

Kidawa alikuwa bado anafikiri. "Bibi, nimeelewa kosa langu, na sitarudia," alisema. "Lakini wale, walipokuwa wakikata, hawakutaka kutuona hata mmoja wetu. Mbona kwenye kurejesha ndiyo mpaka watuone?"

Bi Mwatum alimtazama Makungu. Makungu aliinuka, akaufunga mlango wa nje, maneno yasitoke.