Transfoma Iliyotoweka Saa ya Ijumaa

Ijumaa, tarehe 1 Juni 1956, saa saba na nusu mchana, Hatibu fundi redio alirudi kutoka msikitini. Akaondoa kiti alichokuwa amekilaza mlangoni mwa duka lake pale Ngamiani kuonyesha hayupo, akaingia, kisha akatoka upesi kuliko alivyoingia.

"Asmahani," alimwita dada yake, "panya wamekula transfoma."

Asmahani alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mtu wa kumjua aliyekula chaki kabla hajafuta mdomo. Aliingia, akatazama mezani. Redio kuukuu ambayo kaka yake alikuwa ameigeuza kipaza sauti ilikuwapo. Maikrofoni ilikuwapo. Katikati ya viwili hivyo zilibaki ncha za waya nne, zimetafunwatafunwa. Kando yake palikuwa na kipande cha mkate wa Hatibu, hakijaguswa.

"Panya gani huyo, kaka, ale chuma aache mkate?"

Hatibu alikaa juu ya kreti. "Maikrofoni hii inanong'ona," alisema, "na redio ni kiziwi. Transfoma ndiye mkalimani wao. Bila mkalimani, kesho Chiku atasikika kwa bibi harusi peke yake, naye mpaka ainame."

Chiku alikuwa msichana wa Nguvumali mwenye sauti tamu lakini nyembamba kama uzi wa kushonea. Kesho yake, saa kumi alasiri, angesimama mbele kwa mara ya kwanza katika harusi. Kikundi cha taarabu kilikuwa kimemwambia wazi: ukisikika, umekuwa mwimbaji, usiposikika, unarudi kupiga makofi.

"Iliyoibiwa ni lile dubwana ulilowaringia watu wiki nzima?" Asmahani aliuliza.

Hatibu akakuna kisogo. "Lile nililichagua kwa uzito, kama mtu anavyochagua nazi. Likawa linavuma kama mzinga wa nyuki. Leo saa tatu asubuhi nimelirudisha kwa muuza vyuma chakavu, akanipa badala yake kadude kadogo kutoka kwenye simu mbovu ya shamba la mkonge. Kama kiberiti hivi. Rahisi, hakana umbo, lakini sauti ikatoka safi mpaka nikaogopa."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, nichekwe?"

Asmahani akapiga hesabu yake. Mwizi wa kawaida angechukua maikrofoni, au redio nzima. Huyu alitaka harusi iwe bubu. Na alikuja kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu, wakati wanaume wako kwenye swala.

Saa nane na nusu alimkuta Kombo, mpiga kodiani wa kikundi pinzani, akinywa kahawa barazani.

"Kombo, saa saba ulikuwa wapi?"

"Safu ya pili, mwalimu, bega kwa bega na kaka yako. Muulize nani kamkanyaga kidole."

Hatibu alipoulizwa alivua kiatu, akaonyesha. Lakini mtu wa safu ya pili anaweza kumtuma mwingine, kwa hiyo Asmahani hakumfuta kwenye orodha yake.

Beatrisi, mshonaji wa Kibondei wa duka la jirani, hakuwa na swala siku ile na alikuwa na sababu. "Wiki nzima 'moja, mbili, moja, mbili' ukutani kwangu," alisema bila kuinua macho. "Mimi ningemwiba Hatibu mwenyewe, dada, si chuma chake."

"Hukuona mtu akiingia?"

"Nikiwa kwenye cherehani hata tembo apite simwoni."

Wa tatu alikuwa Bi Kazija, mwimbaji mkuu wa kikundi cha Chiku, aliyerudi jana yake kutoka Mkwaja, alikokaa wiki mbili kwa mwanawe. Alikuwa akitwanga tangawizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia mmeibiwa. Poleni. Basi kesho tutaimba kwa vifua vyetu, kama walivyoimba wenzetu wa zamani."

"Ulipita dukani leo?"

"Duka hilo sijalikanyaga tangu Idi, mwanangu."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Asmahani aliwaita wote watatu dukani, pamoja na Chiku, ambaye macho yake yalionyesha hakulala. Akagawa vibao vya shule na chaki.

"Kila mmoja auelekee ukuta, aichore transfoma iliyopotea kwa ukubwa wake. Ambaye hakuiona achore anavyodhani."

"Na nikifeli?" Kombo aliuliza.

"Unarudia darasa."

Vibao vikageuzwa. Kombo alikuwa amejaza kibao chote. Beatrisi, kwa macho ya mshonaji, alikuwa amechora tofali lenye waya sita, kila waya mahali pake. Bi Kazija alikuwa amechora kijisanduku pembeni, ukubwa wa kiberiti, waya mbili huku, mbili huku.

"Mama, karatasi iliyoifunga ina rangi gani?"

"Nyekundu," alisema Bi Kazija. Kisha akaviona vibao vya wenzake, na mkono wake ukashuka.

"Mji mzima umeliona dubwana," Asmahani alisema polepole, "isipokuwa wewe uliyekuwa Mkwaja. Hiki kidogo kilikaa dukani kwa saa chache tu, na kaka yangu kwa aibu yake hakumwambia mtu. Wanaokijua ni yeye, muuza vyuma chakavu, na aliyekichukua."

Bi Kazija akafungua pindo la kanga yake, akaiweka transfoma mezani.

"Uliikata kwa nini?" Hatibu aliuliza.

"Kwa meno. Yapo yote, alhamdulillahi." Akavuta kiti. "Miaka thelathini naimba, mpaka wapishi wa uani wananisikia. Sauti hii nimeilea. Leo mje na sanduku hili la sauti, na kila mwenye pumzi ya paka awe sawa na mimi?"

Chiku ndiye aliyejibu. "Mama, sanduku litanipa sauti. Pumzi sina. Usipokaa mbele yangu nitajuaje pa kuivuta?"

Bi Kazija alimgeukia. "Kwanza," alisema, "usiivute katikati ya jina la bwana harusi, kama ulivyofanya kwenye mazoezi ya Idi."

Saa kumi alasiri Chiku aliweka midomo karibu na maikrofoni, akaimba, na wapishi wakatoka uani na miiko mikononi kuuliza ni nani huyo. Ilipofika zamu ya Bi Kazija, neno la kwanza tu, redio ikakoroma kwa kuzidiwa. Hatibu, kutoka ukumbini, akamwomba arudi nyuma hatua moja. Ikakoroma. Hatua tatu. Ikakoroma bado. Bi Kazija aliendelea kurudi nyuma, anaimba, anatabasamu zaidi kila hatua, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa mwisho wa nyumba. Hapo ndipo sanduku lilipoiweza sauti yake.