Sentensi ya Kumi na Mbili

Nilimdanganya mdogo wangu ili alie. Nimeshatubu mbele za Mungu, lakini moyo haujatulia, ndiyo maana naandika. Shule sikufika mbali, mnivumilie.

Nilikuwa fundi wa mitambo ya simu katika ofisi ya maji. Mteja akipiga, anapokelewa na sauti ya mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili. Sauti yenyewe ilikuwa ya mdogo wangu, karani palepale, na watu walikuwa wakiiporomoshea matusi ya nguoni. Bosi akaniita.

"Sauti imekauka kama ya askari wa getini. Mtu bomba limempasukia, anataka kuonewa huruma. Rekodini upya."

Asubuhi ile tukajifungia kwenye chumba cha kurekodia, kuta zimebandikwa magodoro. Sentensi kumi na moja. Akazisoma mara tano, kavu vilevile.

"Sasa kaka, unataka nimlilie bomba?" akanicheka.

Nikatoka. Nikarudi nimeshika simu mkononi.

"Mama ameanguka bafuni. Hasemi."

Uso ukamshuka. Nikawasha mashine haraka. "Malizia hizi, twende." Akasoma machozi yakimtiririka. Pole sana. Nakusikia. Tafadhali usikate simu.

Nilipomwambia ni utani, alinizaba kofi. "Mungu atakuuliza, kaka."

Malalamiko yakapungua kweli. Watu waliokuwa wakifoka wakawa wanasubiri kwa upole. Bosi akanipa mkono mbele ya wenzangu, nami nikavimba kichwa.

Wiki ya pili akaja dirishani mshona nguo mmoja, mteja wetu wa siku nyingi.

"Yule binti wa kwenye simu, mama yake anaendeleaje?"

"Mama yupi?"

"Si kaniambia ameanguka bafuni, hasemi? Alikuwa analia, masikini."

Nikafungua mashine. Sentensi kumi na moja, hakuna nyingine. Nikapiga mwenyewe. Ilikuwa saa sita mchana, ofisi imejaa watu. Pole sana. Nakusikia. Kisha kimya. Kisha pumzi. Kisha maji, yanamwagika.

"Kaka," ikanong'ona, "mbona unachelewa?"

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa meza ya pili, anapanga mafaili. Mdomo ameufumba.

Nikafuta zote kumi na moja. Nikamshika mkono, tukakimbia nyumbani. Mlango wa bafuni ulikuwa umefungwa. Maji yalikuwa yakitoka chini yake. Tukausukuma. Mama yuko sakafuni. Macho wazi.

Hasemi.

Huu ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Anakula, anatutazama, neno hatoi. Mdogo wangu ndiye anayemwogesha, na mimi haniangalii usoni.

Kule ofisini mashine imebaki na sentensi moja isiyofutika, ambayo siku ile haikuwemo. Ya kumi na mbili. Tarehe yake ni ya asubuhi ile ya uongo wangu. Sauti ni ya mama, ambaye hajawahi kukanyaga chumba kile. Nikiifungua mimi, inasema "Mwanangu," halafu inakatika. Wateja wanasema kwao huendelea, ila wao wana haraka, wanabonyeza sifuri wapate mhudumu kabla haijaisha.

Ukipiga simu kule ukamsikia, nakuomba usibonyeze kitu. Msikilize mpaka mwisho, kisha uje uniambie alichosema.