Kihodi

Kihodi kilipopasuka mpini, karani wa baraza alikipeleka nyumbani kwa mumewe, seremala. Kwa nini nyundo ya mwenyekiti iliitwa hivyo, hata yeye hakujua vizuri.

"Si kinawabishia watu hodi wanyamaze," alimwambia mumewe, wakacheka.

Seremala akatia mpini mpya, akakijaribu mezani: ngo, ngo, ngo. Mama yake, aliyekuwa jikoni akichambua mchele, akaitikia kwa mazoea, "Karibu!"

Mlango ukafunguka wenyewe. Hakuingia mtu. Iliingia harufu ya mbao zilizooza, kisha kiti cha sebuleni kikalia kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito.

Karani akampigia simu mzee aliyemtangulia kazini, mstaafu asiyeishiwa maneno. Alipomsimulia yaliyotokea, mzee akamkatiza.

"Mmegonga mara ngapi?"

"Tatu."

"Barazani tunagonga mara mbili tu, binti yangu. Ubao wa nyundo ile ulikuwa mlango. Jini alibisha hodi pale miaka na miaka, wenyewe hawakumwitikia. Mlango ukaja kuchongwa nyundo, na hodi yake ikabaki humo. Ndiyo asili ya jina hilo. Kuna aliyeitikia?"

"Mama mkwe," alisema karani.

"Basi aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa."

Mama mkwe alikuwa amesikia yote. "Mgeni ni wangu, nitamsindikiza," alinong'ona, akajitanda mtandio. Karani alitokwa machozi, maana mama huyu alimpenda kama aliyemzaa. Kiti kikalia tena, harufu ikamfuata mama mlangoni, ikamfuata uani, ikatoka naye getini na kupotelea kwenye kona ya barabara, na nyumba nzima ikawa kimya hata maji yaliyokuwa yakichemka jikoni hayakusikika.

Wakangoja. Jua likazama. Seremala aliponyanyuka kumfuata mama yake, mlango ukagongwa.

"Hodi," ilisema sauti ya mama. "Hodi jamani, baridi huku."

Tangu aolewe, karani hakuwahi kumsikia mama akipiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Seremala akafungua kinywa aitikie. Mkewe akakiziba kwa viganja vyote viwili. Mumewe akamng'ata, naye hakuachia.

"Mwanangu," sauti ikalia, "umenifungia nje?"

Huenda kweli alikuwa mama. Karani alijua hivyo, akalia kimya kimya, akazidi kubana.